Konvensheni si mkataba, na wala si siri

Jumatano iliyopita mezani kwetu hapa Nairobi walikuja wageni wawili kujifunza bridge, ule mchezo wa karata wa watu wanne, wawili dhidi ya wawili. Kaka mmoja mzoefu kunishinda mimi akajitolea kuwafundisha, mimi nimekaa pembeni na chai yangu, mara namsikia anawaambia "konvensheni ni mkataba wa siri kati yako na patna wako". Chai ikanichoma koo. Sentensi moja makosa mawili, na hii sio mara ya kwanza wala ya tano kuisikia, kila anayefundisha karata kwa Kiswahili anaitoa hiyo hiyo kama vile tumeikariri madrasa moja.

Maana yenyewe ni fupi. Mkishagawiwa karata 13 kila mtu kuna mnada, mnapandishiana kwa zamu mpaka watu watatu wafululize kupiga pasi, yaani kukataa kupanda. Kwa kawaida ukisema "moja kopa" unamaanisha kopa ninazo na niko radhi kopa iwe turufu. Konvensheni ni pale unapotaja kitu usichokimaanisha kwa jina lake. Patna amefungua moja bila turufu, wewe unasema pau mbili na pau zenyewe huna za kutaja, kumbe unamuuliza ana kopa nne au shupaza nne? Hiyo ndio Stayman. Basi, maana imeisha hapo.

Sasa huo mkataba. Najua umetokea wapi, umetokea kwenye redio. Convention ya Geneva tunaiita Mkataba wa Geneva, kila convention ya Umoja wa Mataifa ikifika kwetu inakuwa mkataba, kwa hiyo mtu akikutana na konvensheni kwenye bridge anafungua droo ile ile. Tatizo ni kwamba kwenye bridge hilo neno lina mwenyewe tayari. Mkataba ni ile nadi ya mwisho, ile iliyobaki baada ya pasi tatu, kwa mfano nne shupaza, maana yake mmejifunga kula mara kumi kati ya kumi na tatu (sita za msingi na hizo nne), mkipungukiwa mnalipa. Mchezo wenyewe unaitwa bridge ya mkataba kwa sababu hiyo, tangu Harold Vanderbilt alipokaa kwenye meli mwaka 1925 akaupangia hesabu mpya ya pointi, kwamba huandikiwa tuzo ya kumaliza gemu au slem (kula mara 12 au zote 13) ila kama ulijifunga nayo wakati wa mnada. Kabla ya hapo unanadi kidogo unakula nyingi, zote zinahesabiwa. Sasa ukimwambia mwanafunzi konvensheni ni mkataba halafu dakika mbili mbele ukamwambia "mkataba ni nne shupaza", unategemea aelewe nini? Yule mgeni mmoja aliuliza, "kwa hiyo tumeweka mikataba miwili?" Swali zuri tu, mwalimu akacheka, hakujibu.

Na ukiyachimba maneno yenyewe yanakataa kufanana. Mkataba ni wa Kiarabu, kataba, kuandika, yaani kitu kilichotiwa wino. Convention inatoka Kilatini, con ni pamoja na venire ni kuja, watu wamekuja mahali pamoja, hakuna kalamu hapo. Sisi neno la namna hiyo tunalo tangu zamani, ni mapatano. Liangalie lilivyoundwa, pata, patana, hiyo -na ya mwisho haikubali mtu mmoja, huwezi kupatana peke yako chumbani kwako kama ambavyo huwezi kupigana peke yako. (Kwenye karata Kiswahili hakikuanza jana jamani. Shupaza, kopa, uru na pau zote ni Kireno, espadas, copas, ouros, paus, na turufu ni trunfo yao, na hiyo pau kwa Kireno ni fimbo au rungu, kwa hiyo wanaoita "maua" wameangalia mchoro, sisi tumeshika rungu lenyewe. Konvensheni za bridge zilikuja baadae sana kupitia Waingereza, ndio maana hazikupata jina la kwao.)

Hilo la mkataba naweza kulivumilia, lugha ina mambo yake. La siri ndio linaniudhi hasa, kwa sababu lingekuwa kweli mchezo usingekuwepo. Sheria inasema wapinzani wana haki ya kujua mapatano yenu yote. Nadi ikiwa na maana iliyofichika ndani yake mwenzako anatoa ishara, anagonga meza au anainua kadi ya kuwashtua, na mpinzani akiuliza unamweleza yote mliyopatana, sio nusu. Mkiwa na mapatano mliyoyaficha refa akajua mnaadhibiwa. Siri ni karata zako 13, lugha mnayozungumzia iko hadharani. Mtu akininong'oneza Kiswahili mbele yako hajakuficha kitu, Kiswahili unakijua.

Na watu hawajaanza leo kuchanganya. Kuna sistimu inaitwa Acol, imepata jina kwa Acol Road, barabara tu ya kaskazini-magharibi mwa London ilipokuwa klabu moja miaka ya 1930, vijana wanaunda namna yao ya kunadi. Mmoja wa hao vijana ni Iain Macleod, ndio huyo huyo, aliyekuja kuwa waziri wa makoloni wa Uingereza kuanzia Oktoba 1959, akaongoza mkutano wa Lancaster House wa mwanzo wa 1960 kuhusu Kenya, na Machi 1961 akawa Karimjee Dar es Salaam kwenye mazungumzo ya uhuru wa Tanganyika. Mwezi huo huo Lord Salisbury akasimama kwenye Baraza la Malodi akamshambulia kwamba ni mjanja kupita kiasi, kwamba alipoacha bridge akaingia siasa alibeba na mbinu zake za mezani, na hao anaowazidi akili ni walowezi wa kizungu Afrika. Siasa yao waachie wenyewe, mimi naangalia bridge tu, kwamba hata lodi mzima alidhani mcheza bridge ni mtu wa kuficha ficha. Na Acol ya Macleod ilikuwa sistimu ya wazi kupita nyingi, ukisema kopa una kopa.

Hapo hapo pana kosa la tatu, ndugu yake na hayo mawili. Unamuuliza mtu "mnacheza sistimu gani?", anakujibu "Stayman na Blackwood". Hiyo sio sistimu, ni kama nimekuuliza unaishi nyumba gani ukanijibu kitasa na bawaba. Sistimu ndio inasema ukifungua moja shupaza unazo ngapi, Acol nne zinatosha, wa kiamerika wanataka tano. Inasema moja bila turufu ni pointi ngapi za karata kubwa mkononi, Acol ya kawaida ni 12 hadi 14, wamarekani 15 hadi 17, na hilo peke yake linabadilisha usiku mzima kwa sababu mwenye 12 amekwisha kuwazibia wapinzani njia kabla hawajafungua mdomo, na siku nyingine anaadhibiwa kwa hilo hilo. Precision ya C. C. Wei, ile Taiwan waliyoshikia nafasi ya pili Bermuda Bowl, mashindano ya dunia ya bridge, mwaka 1969, inafungua moja pau kwa mkono wowote wa pointi 16 kwenda juu, pau ziwepo zisiwepo. Hayo ndio ya kuchagua na patna wako kwanza. Stayman unaipachika kwenye zote tatu.

Na jina la konvensheni nalo sio mapatano, hili nimelilipia. Blackwood ni ya Easley Blackwood, bwana wa bima wa Indianapolis, ya mwaka 1933. Unasema nne bila turufu patna anakutajia ree (ace) zake, tano pau hana au anazo zote nne, tano uru moja, tano kopa mbili, tano shupaza tatu. Rahisi, kila mtu anaijua, mimi na patna wangu tulipokaa mara ya kwanza tuliulizana "Blackwood?" "Blackwood", tukapeana mkono, tumemaliza. Akafungua moja bila turufu, 15 hadi 17. Mimi nina 16. Slem ya bila turufu inataka kama 33 kwa wote wawili, kwa hiyo akiwa na 17 twende akiwa na 15 tukae, nikasema nne bila turufu, yaani namkaribisha tu, akiwa juu apande, akiwa chini apige pasi. Yeye alikuwa na 15 kavu. Ila alichosikia ni Blackwood, akahesabu ree zake mbili akajibu tano kopa. Mimi nikasikia ana kopa tano za kweli na amekubali mwaliko, nami nina nne, nikaruka sita kopa kwa furaha kabisa. Pasi, pasi, pasi. Nikalaza karata zangu mezani, maana kopa aliitaja yeye kwanza na ndiye anayecheza, akaziangalia, akaniangalia mimi, akaziangalia tena. Kopa alikuwa nazo tatu. Turufu zetu saba, mpinzani wa kushoto kwake peke yake ameshika nne. Tulipungukiwa mbili, 200 zikaenda kwao, na meza nyingine zote zilizocheza karata hizo hizo zimekaa chini huko kwenye bila turufu wanakula mara kumi wanaandika zao.

Mpinzani mmoja, mama mtu mzima mpole sana, alituuliza baada ya hapo ile nne bila turufu mlipatana ni nini. Tukajibu kwa pamoja, yeye "ree", mimi "mwaliko". Mama akasema, basi hamkupatana. Hakuwa anatucheka, ndio jibu lenyewe.

Kwa hiyo kaka yangu wa Jumatano, na naandika kwa heshima maana kwenye kucheza unanifunga kila wiki, wale wageni wakirudi waambie ni mapatano, ya watu wawili na wapinzani wanasikia. Ukiona mapatano ni refu kwenye ulimi sema konvensheni hivyo hivyo, hakuna atakayekukamata, ila mkataba waachie nne shupaza. Sisi siku ile ile tuliandika kwa kalamu kwenye kadi yetu ya mapatano: nne bila turufu juu ya moja bila turufu, sio ree. Ndio, tumeandika, na najua utaniambia kikishaandikwa ni mkataba, hilo tutabishania Jumatano.