Gamba Gumu Si Begi Imara: Dhana Potofu za Wanunuzi wa Mabegi ya Safari

Katika dhana zote zinazofikishwa kwenye meza yangu ya ufundi hapa Dar es Salaam, hakuna inayorudiwa kama hii: kwamba begi la plastiki ngumu ni imara kuliko la kitambaa, na kwamba kadiri gamba linavyokuwa gumu ndivyo begi litakavyodumu. Mnunuzi huingia nayo dukani, akaligonga begi kwa vifundo vya vidole kama anayechagua tikiti maji, akasikia mlio mkavu, akaridhika, akalipa. Baada ya safari chache begi hilohilo huletwa kwangu likiwa na ufa ulioanzia penye gurudumu na kupanda hadi katikati ya ubavu, na maneno yanayoandamana nalo hayabadiliki: "Fundi, mbona lilikuwa gumu kabisa?" Ni kweli lilikuwa gumu, na ugumu huo ndio uliolipasua.

Ugumu na uimara ni sifa mbili tofauti. Mabegi mengi magumu yaliyoko sokoni hutengenezwa kwa plastiki za aina tatu. Ya kwanza, na ya bei nafuu zaidi, ni ABS, ambayo hutumika pia kutengenezea makasha ya vifaa vya umeme. Inang'aa vizuri, inashika rangi, na ukiigonga inatoa ule mlio unaowafurahisha wanunuzi. Hata hivyo, begi la ABS likiangushwa kwa kona halibonyei vya kutosha kuimeza nguvu ya kipigo, na nguvu hiyo hujikusanya mahali padhaifu kuliko pote, yaani kwenye matundu yaliyotobolewa kupitisha ribiti, zile pini za chuma zinazoshikilia magurudumu. Ya pili ni polikaboneti, ambayo kampuni ya Rimowa ya Ujerumani ilianza kuitumia kwenye masanduku ya safari mwaka 2000, nayo hubonyea inapopigwa na kurudi katika umbo lake. Ya tatu ni polipropilini, nyepesi na yenye kunyumbulika, ambayo wanunuzi wengi huiacha rafuni kwa sababu wakiigusa wanaiona laini. Kwa maneno mengine, sifa inayowafanya walikatae begi ndiyo ambayo ingewafanya walichukue.

Anayetaka kulipima begi gumu dukani aache kuligonga. Alifungue, aweke kiganja katikati ya upande mpana wa gamba, na akandamize kwa nguvu. Gamba zuri litaingia ndani na kurudi mara mkono unapoondolewa, bila kuacha alama. Gamba la ABS lililotengenezwa jembamba litagoma, kisha likizidiwa litaacha mstari mweupe pale lilipokunjika. Mstari huo mweupe haufutiki kwa kitambaa, kwa kuwa ni plastiki yenyewe iliyoanza kuachana kwa ndani, na ndipo ufa utakapopita siku nyingine. Kwenye mabegi yaliyokwisha kutumika mimi hufungua bitana na kuitazama kona kwa upande wa ndani, na mara nyingi naikuta mistari hiyo imeyazunguka matundu ya ribiti wakati kwa nje begi bado linaonekana jipya.

Vilevile lebo isomwe hadi mwisho. Begi lililoandikwa "PC/ABS" au "ABS+PC" si begi la polikaboneti. Ni mchanganyiko, au ni ABS iliyofunikwa kwa utando mwembamba wa polikaboneti kwa juu, na muuzaji anayeliita polikaboneti anataja nusu ya habari. Tofauti hii ina uzito hata wakati wa kutengeneza. Ufa wa ABS naweza kuulainisha kwa asetoni ukashikana tena, nikatia kiraka kwa nyuma, na begi likasafiri. Asetoni hiyohiyo ikimwagwa juu ya polikaboneti huijaza nyufa ndogondogo na kuiharibu kabisa. Nasihi yangu kwa wanaojitengenezea nyumbani baada ya kutazama video ni kwamba wajue kwanza wameshika plastiki gani.

Hata tukikubaliana kwamba gamba lako ni la polikaboneti safi, bado hatujagusa kiini cha jambo, maana begi halifi kwa sababu ya gamba. Begi hufa kwenye maungio. Linaloletwa kwangu zaidi ni gurudumu, kisha mkono wa kuvutia, kisha zipu, na gamba lililopasuka kwa kawaida limepasuliwa na gurudumu. Magurudumu manne yanayozunguka pande zote ni starehe kwenye sakafu ya uwanja wa ndege, lakini yametokeza nje ya begi, yanasimama juu ya kikono chembamba, na kipigo chochote cha ubavuni hupokelewa na kikono hicho na kupelekwa moja kwa moja kwenye kona ya gamba. Magurudumu mawili yaliyozamishwa ndani ya kona hayana madaha hayo, ila yanapita kwenye kokoto, yanapanda ukingo wa barabara, na yakitupwa yanakingwa na mwili wa begi. Kwa mtu ambaye safari yake huanzia kwenye barabara ya vumbi na kuishia kwenye kituo cha mabasi, sioni sababu ya kununua manne. Anayeyataka manne kwa vyovyote achague yale yaliyo mawili mawili kila kona, na kwenye njia mbaya alilaze begi, alivute kwa magurudumu mawili.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila mnunuzi alitazame kabla ya kuuliza bei, na karibu hakuna anayelitazama: je, gurudumu limefungwa kwa skrubu au kwa ribiti? Fungua begi, tafuta zipu ndogo kwenye bitana kuelekea kwenye kona za chini, ingiza mkono. Ukikuta vichwa vya skrubu, begi hilo lina maisha mengi, kwa maana gurudumu likiisha linafunguliwa na kuwekwa jingine kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo. Ukikuta ribiti, itabidi zikatwe, na kila zinapokatwa tundu linapanuka. Ukikuta bitana imeshonwa pande zote bila mlango, fundi atalazimika kuichana ndipo afike kwenye gurudumu. Mkono wa kuvutia nao uvutwe hadi mwisho na utikiswe kushoto na kulia. Kucheza kidogo ni kawaida, na mkono usiocheza hata kidogo huwa wa kwanza kukwama, lakini ule unaoyumba ukiwa bado dukani utapinda siku utakapobebeshwa mfuko wa pili juu ya begi.

Tukirudi kwenye ulinganisho wenyewe, begi la kitambaa lililoshonwa vizuri lina faida ambayo gamba halina: jeraha lake linatibika. Kitambaa kikichanika huwekwa kiraka na kushonwa. Zipu ikichoka hufumuliwa na kuwekwa mpya. Katika begi gumu la zipu, mkanda wa zipu umeshonwa kwenye ukingo wa plastiki, na ukingo huo ukishakatika katika matundu ya uzi, hakuna tena mahali pa kushika. Kwenye buti la basi la mikoani, ambako begi lako hulaliwa na gunia la mchele au ndoo ya mtu mwingine, kitambaa hujikunja na kurudi. Begi gumu linafaa zaidi kwa anayesafiri kwa ndege, mwenye vitu vinavyovunjika au vinavyoogopa mvua, na ambaye amenunua polikaboneti au polipropilini kwa kujua.

Lakini kitambaa nacho kina dhana yake. Wauzaji wamewafundisha wateja kusoma namba ya denieri, na wateja wakaamini kwamba namba kubwa hushinda daima. Denieri ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000; inaeleza unene wa uzi, haielezi uzi ni wa nini. Nailoni ya denieri 1050 iliyofumwa kwa msongamano inavumilia msuguano kuliko poliesta ya denieri 1800, ingawa ya pili inaonekana nene mkononi. Tazama kwanza kama ni nailoni au poliesta, kisha ndipo namba.

"Begi langu ni jipya, nililihifadhi." Hili huletwa na watu waliokasirika sana, na hasira yao naielewa. Begi limetumika safari moja, likawekwa juu ya kabati kwa miaka kadhaa, na siku ya kuondoka magurudumu yakabomoka kabla ya kufika kwenye teksi. Hakuna aliyewaibia wala kuwauzia bandia. Magurudumu mengi na mipako ya ndani ya vitambaa hutengenezwa kwa poliurethani, na poliurethani huvunjwavunjwa na unyevu wa hewani, mwenendo ambao wanakemia huuita hidrolisisi, na joto huuharakisha. Tanga, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam tuna vyote viwili mwaka mzima. Gurudumu lililofikia hatua hiyo linajulikana kwa kidole: ukilikandamiza kwa ukucha linaacha alama yenye kunata, au linamomonyoka. Kwa sababu hiyohiyo mpako wa ndani ya begi hugeuka ulimbo, na ngozi ya bandia hujichuna. Kulifunga begi ndani ya mfuko wa nailoni kunahifadhi unyevu pamoja nalo. Liache mahali penye hewa, likiwa limefunguliwa zipu kidogo, na ulikague magurudumu wiki kadhaa kabla ya safari, wakati fundi bado ana nafasi ya kukuwekea ya mpira. Usije kwangu asubuhi ya ndege.

Kuhusu kufuli zenye alama ya TSA, nitakuwa mfupi. Zimewekwa ili wakaguzi wa usalama wa Marekani waweze kulifungua begi kwa ufunguo wao bila kulivunja. Anayesafiri kwenda Guangzhou au Dubai hapotezi chochote cha maana akiikosa. Wala haizuii mwizi. Picha za funguo hizo zilichapishwa gazetini Marekani mwaka 2014, na mwaka uliofuata watu walikuwa wakizichapa nakala kwa mashine za 3D. Isitoshe, zipu ya kawaida ya nailoni hutobolewa kwa ncha ya kalamu, meno yakaachana, mkono ukaingia, kisha kichwa cha zipu kikapitishwa juu na kila kitu kikafungika kama mwanzo huku kufuli halijaguswa. Kama kuna kitu cha thamani, kisiwe ndani ya begi linalopelekwa kwenye mizigo.

"Begi zito ndilo lililotengenezwa vizuri." Mashirika mengi humpa abiria wa daraja la kawaida kilo 23 kwa begi moja, na begi tupu la kilo 5 limekwisha kula zaidi ya sehemu ya tano ya kiwango hicho kabla hujaweka hata shati. Uzito mwingi katika mabegi ya bei nafuu ni plastiki nene ya aina duni na vyuma vya mkono.

Seti ya mabegi matatu yanayoingiliana inaonekana rahisi ukiigawa bei kwa tatu. Jiulize utatumia mangapi. Kwa fedha hiyohiyo mara nyingi unapata begi moja lenye skrubu, zipu pana na nailoni safi, na kwa mzigo wa kufungashia sokoni shangazi kaja bado anafanya kazi yake vizuri.

Dhana ya mwisho inahusu fedha zinazopotea bila sababu. Wengi wanaamini kwamba begi likivunjwa safarini hakuna wa kulipa, na wengine wanaamini kinyume chake, kwamba shirika la ndege litawanunulia jipya wakati wowote watakapolalamika. Safari nyingi za kimataifa huangukia chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama. Mkataba unalibebesha shirika dhamana ya mzigo uliokabidhiwa kwake, kwa kikomo ambacho tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria, SDR ikiwa ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Lakini malalamiko ya uharibifu lazima yawasilishwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kupokea mzigo, na shirika haliwajibiki pale uharibifu unapotokana na kasoro ya begi lenyewe, ambayo ndiyo hoja watakayoitumia wakiona gurudumu lililooza kwa hidrolisisi. Kwa hiyo kagua begi palepale kwenye mkanda wa mizigo, piga picha ya ufa pamoja na kitambulisho cha mzigo, na udai ripoti ya uharibifu kwenye dawati la mizigo kabla ya kutoka nje ya jengo. Fundi anaweza kukuandikia tathmini ya kueleza kilichovunjika na gharama ya kukitengeneza, na mimi huiandika kwa hiari, ila nikiletewa begi wiki ya tatu baada ya kutua, bila ripoti yoyote, karatasi yangu haina pa kuambatishwa.