Kabla ya kupandikizwa tishu, uliza imepitia wapi

Malalamiko yanayotufikia katika benki ya tishu, yaani mahali zinapopimwa na kuhifadhiwa sehemu za mwili zilizochangiwa, siku hizi ni mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la ndugu wa wagonjwa wanaouliza kwa nini konea au ngozi iliyotolewa jana haiwezi kupandikizwa leo, na kwa nini nyingine tunaiteketeza wakati wagonjwa wanasubiri. Fungu la pili ni la watu waliolipia sindano za "seli shina" (seli zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine) wakiahidiwa goti jipya au macho mapya, na sasa wanatafuta wa kuwarekebishia kilichoharibika. Ninayaandikia yote mawili pamoja kwa sababu jibu lake ni moja: ucheleweshaji unaolalamikiwa na fungu la kwanza ni uchunguzi, na uchunguzi huohuo ndio uliokosekana kwa fungu la pili.

Nianze na konea, ule utando angavu ulio mbele ya jicho, maana ndiyo inayoulizwa zaidi. Bado watu wanasema "kupandikiza jicho". Mwezi Mei 2023 madaktari wa New York walipandikiza jicho zima pamoja na sehemu ya uso. Jicho lilibaki hai, lakini mgonjwa hakuona nalo. Kinachorudisha uwezo wa kuona ni konea, na hilo limejulikana tangu Desemba 1905, Eduard Zirm alipofanikiwa kuipandikiza katika mji wa Olomouc. Katika miaka ya 1930 Vladimir Filatov, akiwa Odessa, alionyesha kwamba konea ya marehemu inafaa. Mwaka 1944 ikaanzishwa benki ya macho ya kwanza, New York. Kwa hiyo anayetuambia kwamba hatakubali ndugu yake "afanyiwe majaribio" anazungumzia tiba yenye umri wa zaidi ya miaka 100.

Marehemu aliyevaa miwani anafaa kuchangia. Aliyekuwa na mtoto wa jicho anafaa. Mzee anafaa mradi seli za konea yake zinatosha. Hata waliofariki kwa saratani wengi wao wanafaa kuchangia konea, isipokuwa saratani za damu na baadhi ya saratani za jicho lenyewe. Sura ya marehemu hurekebishwa kabla ya mwili kukabidhiwa kwa familia. Haya tumeyarudia mno, na bado familia zinajikataza zenyewe kabla hata ya kutuuliza. Tafadhali, tuachieni sisi kuamua nani hafai. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba watu milioni 12.7 duniani wanasubiri konea, na kwamba inapatikana konea 1 kwa kila 70 zinazohitajika. Kila mchangiaji anayekataliwa nyumbani kwa sababu ya miwani ni hasara isiyo na msingi wowote.

Sasa utaratibu. Familia ikisharidhia, idhini huandikwa na kutiwa saini, ikitaja tishu moja moja: konea, ngozi, mifupa, kano, vali za moyo. Aliyeridhia konea hajaridhia mifupa. Kisha ofisa wetu hufanya mahojiano, na hapa ndipo tunapogombana na watu, kwa sababu maswali huonekana ni ya utovu wa adabu mbele ya msiba. Tunauliza kama marehemu alianza kupoteza kumbukumbu kwa kasi, kwa sababu mwaka 1974 ilichapishwa taarifa ya mgonjwa aliyepata ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, unaoharibu ubongo, kupitia konea, na ugonjwa huo hauna tiba. Tunauliza kama aliumwa na mnyama, kwa sababu kichaa cha mbwa nacho kimewahi kuambukizwa kwa njia hiyohiyo. Tunauliza habari za mwenendo wa maisha yake. Hatumhukumu mtu yeyote. Jibu la kweli, hata likiwa la aibu, linamlinda mgonjwa ambaye familia hiyo haitamfahamu kamwe, na jibu la uongo linaweza kumwua.

Damu ya marehemu hupimwa VVU, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Kabla ya kupimwa, kuna hatua ambayo wengi hawaijui: tunakokotoa kama damu imezimuliwa. Mgonjwa aliyepoteza damu nyingi hospitalini huongezewa maji na damu ya watu wengine kwa wingi kabla ya kufariki. Sampuli ikichukuliwa baada ya hapo, kipimo kinaweza kusoma "hana" kwa mtu aliyekuwa na ugonjwa. Hapo hutafutwa sampuli iliyochukuliwa kabla ya kuongezewa, na isipopatikana, na hesabu ikazidi kiwango, tishu haitumiki. Pia kuna kipindi cha dirisha, yaani siku ambazo mtu ameshaambukizwa lakini kipimo cha kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya kirusi, hakijaonyesha. Ndiyo sababu benki nyingi huongeza kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe, ambacho hufupisha kipindi hicho bila kukifuta kabisa.

Konea yenyewe huhifadhiwa kwa njia kuu mbili. Kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 hudumu takriban siku 14. Kwenye kimiminika cha kukuzia seli, katika joto linalokaribia la mwili, hudumu hadi wiki 4 hivi. Njia hii ya pili inatupa kitu cha thamani: muda wa kuona kama kuna vimelea. Kimiminika hicho huwa na rangi ya waridi. Bakteria wakianza kuzaliana ndani ya chupa, hugeuka manjano na kuwa na ukungu, na mfanyakazi anayepita asubuhi kukagua chupa huliona hilo kwa macho kabla hata ya majibu ya maabara. Baadaye konea huwekwa chini ya hadubini na kuhesabiwa seli za tabaka la ndani, ambazo zikiwa nzima hupangika kama sega la nyuki, kila moja na pembe 6. Benki nyingi huzikataa konea zenye seli chini ya 2,000 au zaidi kidogo kwa kila milimita ya mraba kwa upandikizaji unaohitaji tabaka hilo. Seli hizo kwa binadamu hazizaliani upya. Ukimpa mgonjwa konea yenye seli chache, ataona vizuri kwa muda kisha konea itajaa maji na kuwa nyeupe, na tutakuwa tumempasua bure.

Mifupa ina njia yake: husafishwa, hugandishwa au kukaushwa, na mara nyingi hupigwa mionzi ya gama, kwa kawaida kilogrei 25 (kilogrei ni kizio cha kupimia mionzi). Ngozi hugandishwa kwa naitrojeni kimiminika au kuhifadhiwa kwenye gliseroli. Ngozi ya marehemu inayowekwa juu ya jeraha la moto haidumu; mwili wa mgonjwa utaikataa baada ya wiki chache. Kazi yake ni kufunika, kuzuia maji ya mwili na joto visipotee na vimelea visiingie, mpaka ngozi ya mgonjwa mwenyewe ipatikane. Wanaosema "ilimkataa, kwa hiyo ilikuwa mbovu" wajue hilo.

Na hapa ndipo utafiti unapoingia, maana swali kubwa la wodi za majeraha ya moto limekuwa hilo: ngozi ya mgonjwa itapatikana wapi kama karibu yote imeungua? Mwaka 1975 James Rheinwald na Howard Green walionyesha namna ya kukuza seli za ngozi ya binadamu katika maabara. Katika miaka ya 1980 mbinu hiyo iliokoa watoto wawili wa Marekani walioungua karibu mwili mzima. Kisha mwaka 2017 timu ya Michele De Luca kutoka Modena, Italia, pamoja na madaktari wa Bochum, Ujerumani, ilichapisha habari za mtoto wa miaka 7 aliyezaliwa na ugonjwa wa kurithi unaoifanya ngozi ibanduke kwa kuguswa tu. Walichukua kipande cha ngozi cha takriban sentimita 4 za mraba, wakasahihisha jeni yenye kasoro, wakaikuza, wakamfunika karibu asilimia 80 ya mwili. Ngozi ilishika, na ikajijenga upya yenyewe kadiri miezi ilivyopita. Mimi nilipoisoma taarifa ile niliirudia tena usiku uleule. Mtoto aliyekuwa akitarajiwa kufa alirudi shuleni.

Kwenye konea nako kuna hatua. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliidhinisha tiba ya seli shina za ukingo wa konea kwa watu walioungua macho, na ilikuwa dawa ya kwanza ya seli shina kuidhinishwa huko. Kule Kyoto, timu ya Shigeru Kinoshita ilizikuza seli zile za tabaka la ndani nilizosema hazizaliani, ikazidunga ndani ya jicho, na mgonjwa akalala kifudifudi kwa saa 3 ili zitue mahali pake. Matokeo ya wagonjwa 11 yalichapishwa mwaka 2018, na Japani iliidhinisha tiba hiyo mwaka 2023. Kwa maana hiyo konea ya mchangiaji mmoja inaweza kuwahudumia wagonjwa wengi badala ya mmoja. Huko Osaka, Kohji Nishida na wenzake wametengeneza tabaka la juu la konea kutokana na seli za kawaida zilizorudishwa kuwa kama za kiinitete, mbinu iliyompa Shinya Yamanaka Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Waliitumia kwa wagonjwa 4, wakawafuatilia kwa miaka, na matokeo yakachapishwa mwaka 2024. Wanne tu.

Tazama jinsi kila tiba hapo juu ilivyo na mipaka. Ni ugonjwa mmoja, sehemu moja ya mwili, idadi ndogo ya wagonjwa, na ufuatiliaji mrefu. Anayekutangazia chupa moja ya seli inayotibu goti, kisukari, kiharusi na usonji hana utafiti nyuma yake, hata kama ukuta wake umejaa vyeti. Mwaka 2017 ilichapishwa taarifa ya wanawake watatu huko Florida waliotolewa mafuta tumboni, zikachujwa zilizoitwa seli shina, wakadungwa macho yote mawili siku moja. Walikwenda wakiwa bado wanaona. Wote waliharibikiwa vibaya na macho, mmoja akabaki kipofu kabisa. Walilipia wenyewe matibabu hayo, na baadhi waliamini wanashiriki utafiti. Utafiti halali kwa kawaida haukutozi ada ili ushiriki, na hakuna mtafiti makini anayejaribu macho yote mawili kwa mkupuo.

Jina la hospitali kubwa nalo si kinga. Paolo Macchiarini alipandikiza mabomba ya hewa ya plastiki yaliyopakwa seli shina katika hospitali ya Karolinska, Stockholm, kuanzia mwaka 2011, bila ushahidi wa kutosha kwamba yangeshika. Wagonjwa wote watatu wa huko walifariki, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Sweden ilimhukumu kifungo cha miaka 2 na miezi 6.

Kuhusu adhabu, niseme wazi kwa sababu kuna watu wanaotupigia simu kuuliza bei ya kuuza tishu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani, iliyoridhiwa na mkutano wake mkuu mwaka 2010, inataka tishu zitolewe bila malipo. Kulipia gharama za kutoa, kupima, kuhifadhi na kusafirisha kunaruhusiwa; kulipia tishu yenyewe hakuruhusiwi. Uingereza, chini ya Sheria ya Tishu za Binadamu ya mwaka 2004, kutoa au kuhifadhi tishu bila idhini kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 3. Marekani, sheria ya mwaka 1984 inaweka kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi dola 50,000 kwa anayenunua au kuuza viungo vya kupandikizwa, na konea, mifupa na ngozi zimetajwa humo. Anayeghushi nyaraka anashughulikiwa kwa makosa mengine juu ya hayo: kiongozi wa mtandao uliokuwa ukinyofoa mifupa na ngozi kwenye nyumba za kuandalia maiti huko New York na jirani zake, akighushi idhini, umri na sababu za vifo, alihukumiwa mwaka 2008 kifungo cha miaka 18 hadi 54. Tishu zake zilikuwa zimeshasambazwa kwa maelfu ya wagonjwa.

Vipimo vyote hivi havifuti hatari. Mwaka 2001 kijana wa miaka 23 huko Minnesota alifariki siku chache baada ya upasuaji wa goti kwa sababu ya bakteria waliokuwemo kwenye kipandikizi. Mwaka 2021, nchini Marekani, bidhaa ya mifupa kutoka kwa mchangiaji mmoja iliwaweka zaidi ya wagonjwa 100 kwenye hatari ya kifua kikuu. Kilichowezesha wagonjwa hao kutafutwa na kuanzishiwa dawa ni namba ya kundi la bidhaa iliyoandikwa kwenye majalada yao.

Kwa hiyo ukipandikizwa tishu yoyote, hata kipande kidogo cha mfupa kwenye taya, omba namba yake ya utambulisho iandikwe kwenye karatasi zako za kuruhusiwa, na uitunze. Nchi za Umoja wa Ulaya zinataka kumbukumbu hizo zihifadhiwe miaka 30. Ukipata homa, usaha, maumivu yanayoongezeka au uoni unaofifia, rudi kwa waliokupasua siku hiyohiyo. Usinunue dawa ya kutuliza ukasubiri. Wao wanapaswa kutuarifu, nasi tukishapokea taarifa tunazuia tishu zote za mchangiaji yuleyule zilizobaki kwenye friza, kisha tunazipigia simu hospitali zote zilizokwishapokea. Tukikuomba namba ya kipandikizi kabla ya kukuuliza jina lako, usikasirike. Kwa namba hiyo tunawapata wagonjwa wengine waliopokea tishu ya mchangiaji huyo, ambao huenda bado hawajaanza kuumwa.