Taa nane za testa hazimpimi fundi mtandao

Dhana: Taa 1 hadi 8 za testa ya kebo ya mtandao zikiwaka kwa mpangilio, mwanachuo wa ufundi mtandao ameiva.

Ukweli: Testa ya bei nafuu inaangalia jambo moja tu, kama pini 1 ya ncha moja imefika pini 1 ya ncha ya pili, mpaka 8. Haijui nyaya zipi zimesokotwa pamoja (jozi). Mwanachuo aliyesahau T568B, mpangilio wa kawaida wa rangi za nyaya, hupanga rangi jinsi jozi zilivyokaa: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, kijani, bluu-nyeupe, bluu, na kuendelea. Akirudia hivyo ncha ya pili, taa zote zinawaka. Kumbe pini 3 na 6 zilipaswa kuwa jozi moja ya kijani. Kwake 3 ni kijani-nyeupe, 6 ni bluu, kwa hiyo msokoto hauzuii tena mwingiliano wa mawimbi. Kebo ya mita 2 huenda ikapita mezani. Ya mita 40 juu ya dari inaweza kuangusha data, na lawama ikaenda kwa swichi ya mtandao.

Basi mtahini asimame pale kabla koleo halijabana kichwa cha kebo. Asome rangi kupitia plastiki ya kichwa (bluu nafasi ya 4, kijani ya 6), aone msokoto haujafunguliwa zaidi ya milimita 13, na ganda la nje limeingia chini ya kibano. Halafu ampe mwanachuo kebo yenye kosa hilohilo, taa zote zikiwaka, amwambie: tafuta ubovu. Zoezi hili la pili ndilo linalochuja.

Dhana: Asilimia 70 ni umahiri.

Ukweli: Inategemea 30 zilipotelea wapi. Aliyefungua kompyuta bila kuchomoa umeme hafidiwi na unadhifu wa kebo. Vigezo vya usalama visijumlishwe na vingine. Akikosa kimoja, anarudia.

Dhana: Muhuri wa fildi (mafunzo kazini) unatosha.

Ukweli: Muhuri unathibitisha mahudhurio. “Nilisaidia kazi za mtandao”, wiki 4 mfululizo, si ushahidi. Daftari lionyeshe tarehe, dalili, kilichopimwa na kilichobadilishwa.

Dhana: Mawasiliano hayapimiki.

Ukweli: Dakika 5 zinatosha. Mkufunzi aigize mteja: “Intaneti imekata.” Hesabu maswali: ni kompyuta moja au zote? Tangu lini? Kuna kilichohamishwa? Kisha mwanachuo aandike maelezo ya kukabidhi kazi, apewe mwenzake ambaye hakuwepo. Mwenzake akishindwa kuendelea bila kuuliza, maelezo yanaandikwa upya.