Picha ya Ubongo na Kifungo: Maswali ya Familia za Washtakiwa

Swali: Daktari, mwanangu aligongwa na gari pale Jogoo Road akaumia kichwa. Tangu hapo hasira zake ni za ghafla. Sasa amepatikana na hatia ya kumjeruhi jirani, anangoja hukumu. Nikileta picha ya ubongo, watampunguzia kifungo?

Jibu: Inaweza kusaidia, mama, lakini si picha peke yake. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo hutuwezesha kujizuia. Ikiumia, mtu mpole huanza kufoka kwa jambo dogo na kutenda kabla ya kufikiri. Skani huenda ikaonyesha kovu. Haitasema kwa nini jioni ile alishika chupa, na wapo wengi wenye kovu kama hilo ambao hawajamgusa mtu. Hakimu hushawishika na mfuatano: karatasi za hospitali za siku ya ajali, mwajiri anayeeleza alivyokuwa na alivyogeuka, kisha daktari wa kuyaunganisha.

Swali: Kuna kesi ambapo ubongo ulionekana wazi kuwa chanzo?

Jibu: Ipo ya Virginia, Marekani, mwaka 2000. Mwalimu wa miaka 40 alianza kutamani watoto, jambo ambalo halikuwa tabia yake, akapatikana na hatia. Usiku wa kuamkia hukumu alikwenda hospitali akilia na kichwa. Akapigwa skani, akakutwa na uvimbe mkubwa sehemu ileile ya mbele. Ulipotolewa, tamaa ilikwisha. Miezi kadhaa baadaye ikarudi, na uvimbe nao ulikuwa umeota tena. Kesi safi namna hii ni adimu mno, msijengee matumaini juu yake.

Swali: Je, majaji hulegea wakisikia habari za ubongo?

Jibu: Kidogo. Mwaka 2012, utafiti uliowahusisha majaji 181 wa Marekani uliwapa kesi ya kubuni. Walioelezwa chanzo cha kibiolojia cha tabia ya mshtakiwa walitoa kifungo cha wastani wa miaka 12.83, wasioelezwa, 13.93. Tofauti ni mwaka mmoja hivi. Hata hivyo kisu hiki hukata kuwili: ukisema ubongo wake hauwezi kujizuia, upande wa mashtaka utauliza, basi aachiliwe vipi? Karibu na Chicago, Marekani, mwaka 2009, muuaji Brian Dugan aliletewa ushahidi wa skani na bado akahukumiwa kifo.

Swali: Na hapa Nairobi?

Jibu: Washtakiwa wa mauaji kwa kawaida hupelekwa hospitali ya akili ya Mathari kupimwa akili kabla ya kujibu shtaka. Kipimo hicho ni cha kujua kama anaielewa kesi. Si utafiti wa ubongo, na hakihusu urefu wa kifungo. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Kenya katika kesi ya Muruatetu, Desemba 2017, jaji wa kesi ya mauaji halazimiki tena kutoa hukumu ya kifo, hivyo hali ya mshtakiwa husikilizwa.

Swali: Nianzie wapi?

Jibu: Kwa afisa wa probesheni, kabla hajamwandikia hakimu ripoti kuhusu mwanao. Mpe kadi za kliniki na majina ya dawa. Usikimbilie kulipia MRI, yaani picha ya ubongo, ambayo hakuna daktari aliyeiagiza. Kama mwanao huanguka kifafa, waambie pia wahudumu wa afya wa rumande leo hii, kwa sababu kukatiza dawa za kifafa ghafla kunaweza kumletea degedege mfululizo.