"Kawa wa ngapi?" na dhana nyingine potofu kuhusu upimaji darasani

Ripoti za muhula zimetoka, na tangu hapo kila ninapopita hapa Moshi, iwe getini shuleni, sokoni Mbuyuni au ndani ya daladala ya Pasua, nakutana na swali lile lile: "Mwalimu, huyu wangu kawa wa ngapi?" Ni nadra mno mzazi kuniuliza mtoto anaweza nini. Nafundisha hisabati darasa la tano na la sita, na swali hili limenichosha kwa sababu nimeona linavyoumiza watoto.

Dhana: Nafasi darasani ndiyo inayoonyesha maendeleo ya mtoto

Nafasi inaonyesha watoto wangapi wamempita kwenye mtihani ule. Basi. Haisemi amejifunza nini, wala kama anajua zaidi ya alivyojua Januari. Ni sawa na kupima urefu wa mwanao kwa kumsimamisha na watoto wa jirani: nao wanakua.

Mama mmoja alikuja kikaoni amekunja uso. Mwanawe alikuwa wa 8 katika hisabati mwezi Machi, na Juni kawa wa 15. "Kashuka, mwalimu. Anacheza tu." Nikamfungulia karatasi zote mbili, mitihani niliyoitunga mwenyewe kwa ugumu unaokaribiana. Machi alipata 58, Juni 71. Machi alikuwa hawezi kugawa kwa tarakimu mbili. Juni maswali yote ya kugawa kayapata, na baki kaionyesha. Mtoto alikuwa amepanda vizuri kabisa, ila wenzake nao walipanda. Na nyumbani alikuwa ameshachapwa kwa "kushuka".

Kuna na upande wa pili, ambao wazazi hawaji kuulizia kwa sababu wamefurahi. Mtoto anatoka nafasi ya 6 hadi ya 3, nyumbani kuna sherehe. Ukiangalia darasa, wawili waliokuwa mbele yake wamehamia Arusha na mmoja alikuwa anaumwa siku ya mtihani. Yeye mwenyewe alama hazijaongezeka, na kwenye eneo la pembetatu bado anasahau kugawa kwa mbili.

Halafu katikati ya darasa lenye watoto 70 alama hubanana sana. Swali moja tu linatosha kumtoa mtoto nafasi ya 20 hadi ya 30. Zile nafasi kumi unazozilalamikia zinaweza kuwa ni kosa moja la kujumlisha.

Hata Baraza la Mitihani halipangi madaraja kwa nafasi. Mtihani wa darasa la saba una alama 50 kwa kila somo, na A inaanzia 41. Mtoto akifikisha 41 ana A yake, hata kama darasa zima limepata A. Na matokeo ya kidato cha nne yaliyotangazwa Januari 2023 yalitoka bila ile orodha ya shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Sasa kwa nini orodha hiyo tuing'ang'anie kwa mtoto wa miaka kumi?

Hata alama yenyewe, peke yake, inaficha mengi. Chukua swali hili la darasa la tano: 1/3 + 1/4. Watoto watatu wamekosa, wote nimewawekea mkasi, yaani alama ya kosa. Wa kwanza kaandika 2/7: kajumlisha juu na juu, chini na chini, maana yake bado haoni sehemu kuwa ni namba moja. Wa pili kaandika 2/12: asili, yaani namba ya chini, kaipata vizuri, akasahau kubadilisha viasi, zile namba za juu. Wa tatu kaandika 4/12 + 3/12 = 8/12: sehemu anazijua kabisa, kateleza kwenye nne jumlisha tatu. Kwenye ripoti wote wana sifuri ya swali lile. Kwangu, wa kwanza namrudisha kwenye kukunja karatasi vipande sawa, wa pili nampa mazoezi matano ya kubadilisha asili tu, na wa tatu namwambia ahakiki kazi yake kabla ya kukusanya. Huo ndio upimaji. Namba inayokuja mwishoni ni muhtasari tu.

Kuna utafiti wa Ruth Butler uliochapishwa mwaka 1988, uliofanywa kwa wanafunzi wa Israeli. Baadhi walirudishiwa kazi zikiwa na alama tu, wengine maoni ya maandishi tu, wengine vyote viwili. Waliopata maoni peke yake ndio waliofanya vizuri zaidi baadaye. Waliopewa alama na maoni pamoja hawakufaidika hivyo. Sishangai. Siku ya kurudisha karatasi darasani kwangu, mtoto hutazama namba ya juu, huchungulia ya jirani, na maneno yangu yote ya kalamu nyekundu hayasomi. Ndiyo maana siku hizi nikirudisha zoezi naandika maoni tu, na alama nabaki nayo kwenye daftari langu mpaka masahihisho yafanyike.

Kwa hiyo mzazi, ukija kikaoni uliza hivi: "Ni kitu gani Januari alikuwa hawezi na sasa anaweza?" Mwalimu akikosa jibu, una haki ya kulalamika. Na tafadhali msitupe madaftari ya muhula uliopita, wala msiyauze dukani ya kufungia karanga. Weka la Januari kando ya la Juni, utayaona maendeleo kwa macho yako.

Dhana: Mwalimu asiyetoa mtihani kila wiki hapimi

Napima kila kipindi. Naandika swali moja ubaoni, kila mtoto anajibu kwenye kipande cha karatasi na kukiinua juu. Nikiona nusu wamekosea, somo jipya linasubiri. Majaribio mafupi yasiyo na alama yanasaidia pia kukumbuka, kwani mtoto anayejiuliza maswali hukumbuka zaidi baada ya wiki kuliko anayerudia kusoma tu. Mitihani ya wiki yenye kupanga nafasi ni jambo jingine, na siitaki.

Dhana: Daftari limejaa alama za vema, mtoto yuko sawa

Huenda kanakili ubaoni. Funika jibu, mwambie alifanye tena huku anakueleza. Dakika tatu zinatosha.

Dhana: Akisoma kwa sauti bila kukwama, anajua kusoma

Mwache amalize, funga kitabu, muulize nani alifanya nini na kwa nini. Nawapokea darasa la tano watoto wanaotiririka kama watangazaji, lakini swali la hesabu la maneno hawalielewi, wanaokota namba na kujumlisha.

Dhana: Kapewa alama ndogo kwa sababu mwalimu hampendi

Karatasi ipo. Njoo baada ya vipindi, tukae, nikuonyeshe kila alama imetoka wapi. Nikiwa nimejumlisha vibaya, narekebisha pale pale mbele yako.