Maji kwenye dizeli yenye tabo: hayaungui, hupoza

Wengi hudhani maji yakinyunyiziwa kwenye injini ya dizeli hugeuka hidrojeni na kuwa mafuta ya bure. Sivyo. Maji ni hidrojeni iliyokwisha kuungua. Kuitenganisha tena hula nishati nyingi kuliko itakayorudi.

Kinachofanya kazi ni upoozaji. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke humeza takriban kilojuli 2,260 za joto. Hewa iliyopashwa na tabo (tabo, yaani turbo, ni feni inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini) hupoa, moshi wa ekzosi hupungua joto, na pistoni hupumua. Nguvu huongezeka pale tu unapoongeza dizeli na kutumia nafasi hiyo. Kwenye gari ambalo halijaguswa kitu, usitarajie maajabu.

Nozeli, yaani mdomo wa kunyunyizia maji, huwekwa baada ya kipoza hewa cha tabo, ikitoa ukungu laini, si matone; kwa hiyo pampu iwe ya shinikizo kubwa. Swichi ya shinikizo iiwashe pampu pale tabo ikishajaza hewa vizuri, kamwe si injini ikiwa sailensa (ikinguruma bila kukanyagwa mafuta). Anza na maji kidogo, kama asilimia 10 ya uzito wa dizeli inayoungua wakati huo. Ukizidisha, mwako hufifia na gari huwa zito.

Hatari kubwa ni tangi lililo juu ya nozeli bila valvu ya umeme ya kufunga. Gari likiegeshwa, maji hudondoka hadi silindani. Maji hayabanwi, hivyo ukipiga stata, konrodi (mkono unaoshika pistoni) hupinda. Tumia maji yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea betri (si asidi!), la sivyo nozeli itaziba.