Kucheua ni nini, na kwa nini maziwa ya mtoto yanarudi

Mtoto amenyonya, ameshiba, kalegea begani. Muda si mrefu maziwa yanateremka shingoni na kulowesha kanga. Huko ndiko kucheua. Neno hilohilo tunalitumia kwa ng'ombe aliyejilaza kihambani, shamba la nyumbani, akirudisha majani mdomoni, na linafaa: chakula kinapanda chenyewe, bila nguvu. Kutapika ni jambo jingine. Hapo tumbo linakaza na mtoto anajikunja.

Pale umio unapoingia tumboni kuna msuli wa kufunga na kufungua. Kwa mtoto mchanga bado ni mlegevu, chakula chake ni cha majimaji tu, na kutwa nzima yuko chali. Karibu nusu ya watoto walio chini ya miezi 3 hucheua angalau mara moja kwa siku. Hali huzidi kwenye mwezi wa 4, kisha hupungua, na wengi huwa wameacha wakifikisha mwaka 1.

Hapa Moshi majibu hayakosekani. Bibi atasema ni mchango wa tumbo, apewe dawa ya kienyeji. Jirani atasema maziwa ni mepesi, akorogewe uji. Julai baridi ikiwa kali, anakazwa shuka tumboni, ndipo anacheua zaidi. La uji ndilo linaloniudhi: kabla ya miezi 6 mtoto anatosheka na maziwa ya mama. Na mama aachwe ale mtori wake, supu ya ndizi na nyama, kwa amani.

Mama akishtuka husema, "Ametoa yote!" Jaribu hivi: mwaga vijiko viwili vikubwa vya maziwa kwenye kanga kavu, uone doa lilivyo kubwa. Ni vijiko viwili tu.

Kinachosaidia ni kumcheulisha, na hapo maana inahama kidogo: ni kumtoa hewa. Mweke wima kifuani, kidevu begani kwako, umpigepige mgongo taratibu, katikati ya kunyonya na akimaliza. Kisha abaki wima dakika 20 hadi 30. Usimfunge mbelekoni papo hapo, tumbo linabanwa. Kama anameza kwa pupa, mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi zaidi. Kulala alale chali, godoro likiwa sawa, bila mto. Wengi humlaza kifudifudi wakihofia atapaliwa, kumbe chali ndiko salama.

Halafu tazama kadi ya kliniki. Mstari wa uzito ukipanda na mtoto ni mchangamfu, kilichobaki ni kufua kanga. Lakini akitoa kitu cha kijani au damu, maziwa yakiruka mbali kila anaponyonya, akikataa ziwa, akipata homa, tumbo likivimba au nepi zikikaa kavu, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.